Kaseti Kuukuu Sebuleni Kwetu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Nimesimama kwenye uwanja wenye matope nje kidogo ya Northampton, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, wa pili unapekua boksi la ndizi lililojaa nyaya. Mwanangu, mwenye miaka 12, ameinama upande wa pili wa boksi. Hatusemezani. Wanaolijua soko hili, ambalo wenyeji hapa Uingereza huliita car boot kwa kuwa watu hupanga vitu vya nyumbani kwao nyuma ya magari na kuviuza, wanajua kwamba ukionesha furaha tu, bei inapanda.

Akaibua kitu cha kijivu, kizito kidogo, kioo chake kimekwaruzika. Game Boy. Mgongoni ilikuwa na kaseti ya buluu. Mzee aliyekuwa akiuza akasema ilikuwa ya mwanawe, imekaa darini miaka mingi, na huyo mwana sasa ana watoto wake. Akataka pauni 15. Nikatoa 12, akapokea. Tukaondoka kwa mwendo wa watu wasio na haraka mpaka tulipofunga milango ya gari, na hapo ndipo tulipopiga kelele.

Ndugu msomaji, usinione mtu mzima niliyechanganyikiwa. Nina miaka arubaini na kitu, nafanya kazi ya uuguzi zamu za usiku, na nikipata Jumapili ya mapumziko haki yangu ni kulala. Wala si mapenzi ya gemu yaliyonitoa kitandani. Mwanzo wake ilikuwa hasira.

Pauni 214

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, nilifungua taarifa ya benki kwenye simu ili nijue nina kiasi gani cha kumtumia mama Unguja. Nikakuta mistari: pauni 4, pauni 8, pauni 16, tena 8, tena 8. Wiki tatu nzima. Nikajumlisha kwa kalamu, kwa kuwa macho yangu sikuyaamini: pauni 214.

Kadi yangu ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya ile mashine mpya ya gemu tangu siku nilipomnunulia mwanangu zawadi ya kufanya vizuri skuli. Naye alikuwa akinunua pakiti za wachezaji katika gemu ya mpira. Pakiti yenyewe huioni ndani kabla ya kulipa. Unalipa, inafunguka kwa fataki na muziki, na mara nyingi unaambulia beki asiyejulikana hata kwao. Basi unalipa tena, kwa kuwa huenda inayofuata ikawa na nyota.

Nikimwita kwa jina lake kwa kejeli mchezo huu, nitasema ni kamari iliyovishwa jezi. Si mimi peke yangu ninayeona hivyo: Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku na pakiti za bahati nasibu za kulipia ndani ya gemu zinaingia kwenye sheria ya kamari. Hapa Uingereza serikali ilitazama jambo hilo hilo na mwaka 2022 ikachagua kutobadili sheria, ikawataka watengenezaji wajirekebishe wenyewe. Mzazi ndiye anayebaki kuwa polisi.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa fedha. Ni kwamba usiku tunakaa kufuturu pamoja, ananipitishia sambusa, naye ana siri ya mfukoni mwangu. Nilipomuuliza alilia. Nikang'oa mashine ukutani, nikaifungia kabatini chini ya kanga zangu. Nyumba ikawa kimya kwa mwezi mzima, kimya kisicho na raha. Akirudi skuli anasalimu, anakula, anapanda juu.

Kaka yangu, anayeishi Muscat, ndiye aliyenicheka kwenye simu. "Umesahau ya kwetu?" akaniuliza. "Uliyokuwa ukiililia padi?"

Ya kwetu

Ya kwetu ililetwa na ami kutoka Dubai katikati ya miaka ya tisini, imefungwa ndani ya mashuka ili isipasuke. Tulikuwa tukikaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya tatu, na kwa wiki nzima ngazi hazikupitika kwa watoto. Sisi tuliiita TV gemu. Miaka mingi baadaye, hapa Uingereza, ndipo nilipojua kwamba ilikuwa nakala ya mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, iliyoitwa Famicom. Viwanda vya Taiwan, Hong Kong na China vilitoa nakala hizo kwa wingi usiosemeka, na kupitia masoko ya Dubai zikafika pwani yetu. Watoto wa Ulaya walikuwa na Nintendo halisi. Sisi tulikuwa na feki, na feki yetu ilicheza gemu zile zile.

Kaseti iliandikwa juu yake kwamba ina gemu 9,999. Kaka, mtu wa hesabu tangu utotoni, alikaa siku mbili akizifungua moja moja na kutoa hukumu: ni 20 na kitu tu, nyingine zote ni hizo hizo zimebadilishwa jina, au zimeanzia hatua ya mbele. Lakini hizo 20 zilitutosha miaka minne.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ukifa, unapisha. Mimi, mtoto wa kike tena mdogo, padi ya pili niliipata tu rafiki zake kaka wakiwa hawajafika. Ndipo tulipokuwa tukicheza Battle City, ile ya vifaru iliyotengenezwa na Namco mwaka 1985. Wawili mnalinda tai aliyekaa chini ya kioo nyuma ya ukuta wa matofali, na vifaru vya adui vinashuka kutoka juu. Hila yake ni kwamba risasi yako ikimpiga mwenzako inamgandisha pale alipo, na ukikosea shabaha unaweza kumpiga tai wenu wenyewe na kushindwa papo hapo. Kwa hiyo lazima mseme. "Wewe kaa kushoto." "Usipige, napita mimi." Bibi yangu, ambaye gemu hakuijua, alikuwa akikaa nyuma yetu anachambua mchele na kumwonea huruma yule ndege.

Kulikuwa na Contra pia, na siri yake iliyozunguka mtaani kwa mdomo kama vile dawa ya mganga: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukiipatia, unapewa maisha 30. Tuliamini ni mtoto fulani wa Kikwajuni aliyeigundua. Kumbe aliyeibuni ni Mjapani, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, mwaka 1986, alipokuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya Nintendo. Ilikuwa ngumu mno hata yeye hakuweza kuimaliza, akajiwekea mlango wa uani ili aijaribu, na mlango ukasahaulika ndani. Namna hiyo siri ya ofisi moja ya Japani ikafika Michenzani bila intaneti, bila gazeti.

Na umeme ukikatika, gemu imekatika. Hapakuwa na kuhifadhi ulipofika. Unaanza moja.

TV ya chogo

Basi tukaanza. Duka moja la hisani, yale yanayouza vitu vya kutolewa sadaka, lilikuwa na Nintendo halisi ya kijivu pamoja na bunduki yake ya plastiki, vyote pauni 40. Nikaona bei kubwa. Nikakumbuka 214, nikalipa.

Tulipoichomeka kwenye TV yetu bapa, Mario alitokea, amefifia kidogo lakini yupo. Bunduki ndiyo iliyogoma. Katika Duck Hunt bata wanaruka, mwanangu anapiga, hakuna anayeanguka, na yule mbwa anainuka kwenye majani kutucheka. Nikasema nimeuziwa kibovu. Nikasafisha, nikabadilisha nyaya, wapi.

Kosa halikuwa la bunduki, na maelezo yake nimeyapenda kiasi kwamba nawaeleza hata wagonjwa wangu. Bunduki hii haitoi kitu. Inatazama tu. Mdomoni mwake mna jicho la kuhisi mwanga. Ukivuta kitufe, kioo chote kinakuwa cheusi kwa muda mfupi usioweza kuuona, kisha mahali alipo bata panachorwa mraba mweupe. Jicho likiuona ule mweupe kwa wakati wake, bata amekufa. TV ya chogo, ile ya zamani yenye kisogo kirefu, inachora picha mstari kwa mstari papo kwa hapo. TV bapa inachelewa kidogo: inapokea picha, inaitengeneza, ndipo inaionesha, na kufikia hapo bunduki imeshakata tamaa.

Jirani yetu alikuwa na TV ya chogo gereji, anasubiri siku ya kuipeleka jalalani. Tuliibeba watu watatu. Imekaa kwenye kona ya sebule mpaka leo, mume wangu amekwisha kuzoea, na binti yangu wa miaka tisa hakosei bata. Yeye hajui kulenga. Ameweka mdomo wa bunduki juu ya kioo, kama alivyokuwa akifanya mjomba wake. Hiyo sikumfundisha mimi.

Kabla hujatoa pesa

Nimekosea mara nyingi kwa mwaka mmoja na nusu, na kwa kuwa wasomaji wa gazeti hili mko Marekani, mko Uarabuni, mko Ulaya, na wengi tunabeba vitu kwenda navyo nyumbani, niseme machache.

La kwanza ni umeme. Mashine ya mezani iliyouzwa Marekani ina adapta ya volti 120, ya Japani volti 100. Umeme wa Unguja, Mombasa, Muscat na London ni wa volti 230 na zaidi. Mashine za miaka ya themanini na tisini hazisameheani na jambo hilo kama chaja ya simu. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu na basi. Pia kaseti za Marekani na Japani mara nyingi hazikubali mashine za Ulaya. Hata zinazokubali zina tofauti: TV za Ulaya zilichora picha 50 kwa sekunde, za Marekani 60, na watengenezaji wengi hawakujisumbua kurekebisha. Sonic wa Ulaya wa mwaka 1991 alikuwa akikimbia polepole kuliko ndugu yake wa Marekani, na muziki wake unaburura. Contra nayo ukiitafuta kwenye masoko ya hapa kwa jina hilo hutaipata: Ulaya iliuzwa kwa jina la Probotector, askari wakageuzwa roboti.

Kwa anayehamahama, mimi nasema anza na Game Boy. Haina habari na nchi: kaseti ya popote inakubali mashine ya popote, na inakula betri za kawaida, nne kwa ile ya kwanza ya mwaka 1989, mbili kwa ile ya rangi ya mwaka 1998. Pamoja ziliuzwa zaidi ya milioni 118, kwa hiyo hazijawa adimu. Fungua mlango wa betri kabla ya kulipa. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri zilivuja humo. Siki kidogo kwenye kijiti cha pamba husaidia kama kutu haijala chuma.

Feki ziko nyingi, hasa za Pokémon, na ninasema hivyo nikiwa mtoto wa feki. Tofauti ni kwamba feki ya leo inauzwa kwa bei ya halisi. Tazama lebo ya mbele kwa kuinamisha kaseti kwenye mwanga: halisi ina namba ndogo iliyogandamizwa kwenye karatasi, unaihisi hata kwa ukucha. Tazama na rangi ya plastiki na skurubu.

Na ile tabia yetu ya kupuliza kaseti isipowaka? Acheni. Sote tulipuliza, toka Michenzani mpaka Manchester, na sote tuliamini. Pumzi ina unyevu, na unyevu unakula shaba. Ilikuwa inawaka kwa sababu umeichomoa na kuichomeka tena. Spiriti ya kusafishia na kijiti cha pamba vinatosha.

Kuhusu kununua ili uje kuuza kwa faida, sina ushauri. Mwezi wa Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa nailoni yake iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Huo ni mchezo wa matajiri, na gemu ambayo haifunguliwi mimi siioni kuwa gemu.

Kipi bora?

Watoto wangu hawadanganyiki na machozi yangu ya utoto. Mwanangu alipoiona Super Mario Bros. mara ya kwanza alisema, "Mama, hii ni matofali tu." Ni kweli. Gemu nzima ina kilobaiti 40. Picha moja ya mtoto unayomtumia bibi yake kwa WhatsApp inazidi hapo. Gemu kubwa za sasa zinafika gigabaiti 100 na kupita, yaani mara milioni mbili na nusu ya ile ya Mario. Katika umaskini huo ilibidi watu watumie akili: tazameni mawingu ya Mario na vichaka vya chini. Ni mchoro ule ule, juu umepakwa nyeupe, chini kijani. Nilicheza miaka minne sikuona. Mwanangu aliona siku ya pili, na tangu siku hiyo heshima ikaingia.

Kwa uzuri wa macho, gemu mpya zimeshinda na hakuna kesi. Kwa huruma pia: gemu za zamani ni katili, zinakurudisha mwanzo bila sababu, na nyingi ziliwekwa ngumu makusudi ili zisiishe haraka. Binti yangu alizira mara tatu. Ninyi mnaosema watoto wa leo hawana subira, kaeni na Battletoads saa moja kisha tuzungumze.

Tofauti ninayoijali mimi ni nyingine. Kaseti ukishainunua, haikuombi tena. Haijui jina lako, haina kadi yako, haikuamshi saa tatu usiku na ujumbe kwamba leo kuna zawadi usipoingia utaikosa. Ina mwanzo na ina mwisho. Ukimaliza unampa mwenzako, na akikupa yake mmebadilishana. Gemu nyingi za leo ukibonyeza "nunua" unapewa ruhusa tu ya kutumia, na mwenye ruhusa anaweza kuiondoa. Ubisoft walipozima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, mwishoni mwa Machi 2024, hata aliyekuwa na diski mkononi hakuweza tena kuendesha. Watu walikasirika mpaka Ulaya yakakusanywa majina zaidi ya milioni moja kudai sheria. California nayo, tangu Januari 2025, inataka maduka ya mtandaoni yaseme wazi kwamba unachonunua ni leseni. Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U mwezi wa Machi 2023, na gemu kadhaa zilizokuwa humo tu haziuzwi tena popote. Wahifadhi wa Video Game History Foundation walichunguza mwaka huo huo wakaona kwamba katika kila gemu 100 za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, 87 hazipatikani tena madukani. Zimebaki kwenye maboksi ya ndizi.

Nilimpigia kaka nikamsomea haya yote kwa ushindi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Na wanangu watamjuaje mwanao?"

Hapo alinikamata. Kwa sababu wakati mashine mpya ilipokuwa kabatini, kilichopotea nyumbani kwetu kilikuwa pia sauti za watoto wa mjomba wake. Kila Jumamosi mchana, Muscat ikiwa imetutangulia saa tatu au nne kwa kufuata majira, walikuwa wakiingia mtandaoni wanne pamoja, maskio yamefunikwa, wanakimbizana kwenye dunia moja. Kiswahili cha wale wa Muscat ni kizuri kuliko cha wangu, maana mama yao hakubali kusemeshwa lugha nyingine ndani. Mwanangu alijifunza kwao "subiri", "nifunike", "huyo nyuma yako", "umeniuza wewe". Mimi nilimpeleka madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi akawa anasinzia. Kwenye gemu alikuwa anagombana kwa Kiswahili, na anayeweza kugombana kwa lugha ameijua.

Kwa hiyo mashine mpya ilitoka kabatini. Haina kadi yoyote sasa. Akitaka kitu ananiambia, tunakwenda dukani tunanunua vocha, basi. Jumamosi ni ya Muscat. Siku nyingine, ikiwa kazi za skuli zimekwisha, ni ya chogo. Kaka alipokuja msimu wa joto uliopita na wanawe, walikuwa watoto watano mbele ya TV moja yenye padi mbili. Ukifa, unapisha. Saa sita za usiku nilishuka kunywa maji nikamkuta kaka peke yake na mwanangu, wanamlinda tai. "Kaa kushoto," alikuwa akimwambia. Nikapanda juu sikuwasemesha.

Mtoto mwingine

Nirudi kwenye ile Game Boy ya pauni 12. Kaseti ya buluu ilikuwa Pokémon Blue, iliyoingia Ulaya mwaka 1999. Tulipoiwasha kwenye gari, badala ya kuanza upya ikatuonesha kwamba kuna safari iliyohifadhiwa: jina la mtoto, herufi tano, medali zote nane, saa 114 na dakika 37.

Gemu hiyo ina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Ukitaka kucheza yako na kuihifadhi, lazima umfute aliyekutangulia. Inakuuliza kabisa kama una hakika. Mwanangu aliikodolea macho. "Alicheza saa 114," akasema. "Siwezi kumfuta."

Nikamwambia mwenyewe ni mtu mzima sasa, ana watoto, baba yake amesema.

"Basi tumrudishie."

Jumapili iliyofuata tulikwenda kumtafuta mzee. Hakuwapo. Wala iliyofuata. Tumeuliza wauzaji wa jirani, hawamjui. Wanakumbuka gari lake tu, la kijani. Mwisho nikamnunulia mwanangu Pokémon Red, ndugu wa ile, kwa pauni 30, na huko ndiko anakocheza. Kwa waya wa kuunganisha Game Boy mbili angeweza kuwahamisha wanyama wote wa yule mtoto kuja kwake, wenye nguvu kuliko wake. Hataki. Anasema si wake.

Tatizo ni betri. Ndani ya kaseti hizi mna betri ndogo bapa kama ya saa, imeunganishwa kwa risasi, na ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Imefanya kazi zaidi ya miaka 25 na siku yoyote itakufa. Ukiibadilisha, kumbukumbu inafutika mara moja. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta kinachoweza kunakili kumbukumbu kabla ya kubadilisha betri. Kaka amesema atakileta akija mwezi wa Disemba, na mwanangu amekwisha kujifunza kushika bunduki ya risasi kwenye kaseti mbovu za kuchezea, ameniunguzia kitambaa cha meza.

Mpaka hapo, kila Jumapili usiku kabla ya kulala, anaichukua kaseti ya buluu kwenye kopo la biskuti, anaiwasha, anangoja jina litokee, anaizima. Jumapili iliyopita lilikuwapo bado. Na keshokutwa asubuhi, Mungu akipenda, tutakuwa tena kwenye matope tukitafuta gari la kijani.